Mnyama Hahifadhiwi kwenye Jokofu

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi, na inafaa ijibiwe kabla haijageuka sera. Inasema kwamba kutoweka kwa mnyama si msiba tena, kwa kuwa sayansi imejifunza kunakili wanyama. Chukua kipande cha ngozi, gandisha seli zake, kisha endelea na bwawa lako, barabara yako na shamba lako. Siku akihitajika, atarudishwa. Hoja hii ilipata picha mwezi Aprili 2025, kampuni ya Marekani iitwayo Colossal Biosciences ilipoonyesha watoto watatu wenye manyoya meupe, Romulus, Remus na Khaleesi, na kuutangazia ulimwengu kwamba mbwa mwitu mkubwa wa kale, aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, amerejea. Tangu hapo hoja hiyo inatolewa na watu wazima wenye akili zao, na wanaitoa kwa nia njema. Ndiyo maana inahitaji jibu refu.

Tuianze kwa haki. Wanaoishikilia wana mambo manne ya kusema.

La kwanza, jambo lenyewe limekwisha kufanyika. Kondoo Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, Uskoti, kutokana na seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita. Baada yake wamenakiliwa ng'ombe, farasi, paka na mbwa. Amenakiliwa hata kicheche wa miguu myeusi, mnyama adimu wa mbuga za Marekani: Elizabeth Ann alizaliwa tarehe 10 Desemba 2020 kutokana na seli za jike aliyekufa mwaka 1988. La pili, kasoro zinazosemwa ni za teknolojia changa, na zitakwisha kadiri wataalamu wanavyozidi kujifunza. La tatu, kunakili kiumbe ni kazi ya kale: mkulima akikata pingili ya muhogo na kuichomeka ardhini anafanya hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kumlaumu. La nne ndilo zito kuliko yote. Uhifadhi wa leo una gharama, na wanaoilipa ni maskini. Mwanakijiji wa kando ya hifadhi ndiye anayekesha shambani akifukuza tembo, na ndiye anayekatazwa kuchunga na kukata kuni. Kama maabara inaweza kutunza mbegu ya mnyama bila kumnyima mtu hata ekari moja, kwa nini mwanakijiji huyo aendelee kuteseka?

Hizi si hoja za kipuuzi, na hiyo ya mwisho imetoka kwenye maumivu ya kweli. Lakini ukizifuata moja moja, unakuta zimesimama juu ya kutoelewa mnyama ni nini, na juu ya hesabu iliyowaacha nje wale wanaolipa.

1. Kinachonakiliwa ni jeni, na mnyama ni zaidi ya jeni

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Wataalamu huchukua yai la jike, hulitoa kiini chake, kisha huweka ndani yake kiini cha seli ya mnyama anayenakiliwa. Yai hushtuliwa kwa umeme ili lianze kugawanyika. Likifanikiwa kuwa kiinitete, hupandikizwa katika tumbo la jike mwingine. Kwa hiyo kloni mmoja, yaani mnyama aliyenakiliwa, anaweza kuwa na majike watatu nyuma yake: aliyetoa seli, aliyetoa yai, na aliyebeba mimba. Yai huja na jeni zake kidogo zilizomo katika mitokondria. Tumbo nalo huja na lishe yake, homoni zake na magonjwa yake. Nakala kamili haipo hata kabla mtoto hajazaliwa.

Ushahidi ulipatikana mapema. Paka wa kwanza wa kloni, CC, alizaliwa tarehe 22 Desemba 2001 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Paka aliyetoa seli, Rainbow, alikuwa wa rangi tatu; CC alizaliwa bila ile rangi ya chungwa. Katika paka jike wa aina hiyo, mpangilio wa rangi huamuliwa tumboni, kila seli inapozima kromosomu X moja kati ya mbili ilizonazo. Jeni zilikuwa zile zile, na paka hakuwa yule yule.

Hiyo ni rangi ya manyoya tu. Vipi kuhusu maisha? Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire, kaskazini mwa Tanzania. Watafiti waliofuatilia familia za tembo waliona kwamba katika miezi tisa ndama walikufa kwa kiwango cha asilimia 20, wakati kwa kawaida ni kama asilimia 2. Familia zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki. Na zilizotoka ziliongozwa na majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame mkubwa wa karibu miaka 35 kabla yake. Njia ya kwenda kwenye maji ilikuwa katika kumbukumbu ya bibi, na haikuandikwa katika seli yoyote. Tembo wa kloni aliyezaliwa bila familia atakuwa na pembe, mkonga na masikio, lakini ukame ukija hatakuwa na wa kumfuata.

Wale mbwa mwitu watatu wa 2025 wako mbali zaidi na nakala. Hakuna seli hai ya mbwa mwitu wa kale iliyosalia. Kampuni ilichukua seli za mbwa mwitu wa kijivu wa leo, ikafanya mabadiliko 20 katika jeni 14, kisha ikatumia mbinu ya kloni kuzalisha watoto. Wataalamu wa wanyama jamii ya mbwa katika Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, walisema wazi kwamba hao si mbwa mwitu wa kale. Ni mbwa mwitu wa kijivu waliorekebishwa. Anayesema kutoweka kumeshindwa anaegemea ushindi ambao haujatokea.

2. Kasoro hizi zina wenye kuzilipa, nao ni majike

Tunaambiwa kasoro ni za mwanzo. Tuziangalie tarakimu. Ili Dolly apatikane, mayai 277 yaliunganishwa na seli. Viinitete 29 vilifaa kupandikizwa, vikawekwa katika kondoo 13, akazaliwa mwanakondoo mmoja. Mbwa wa kwanza wa kloni, Snuppy wa Korea Kusini, alizaliwa mwaka 2005: viinitete 1,095 viliingizwa katika mbwa 123, mimba tatu zikashika, na mtoto aliyeishi akawa mmoja. Huko Hispania, jike wa mwisho wa bucardo, mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees, alikutwa amekufa Januari 2000 chini ya mti ulioanguka. Seli zake zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Viinitete vikapandikizwa katika majike 57. Saba walishika mimba, mmoja akafikisha. Mtoto alizaliwa tarehe 30 Julai 2003, akafa dakika chache baadaye kwa kasoro ya mapafu. Bucardo akatoweka mara ya pili.

Kila moja ya tarakimu hizo ni mwili wa mnyama mwenye maumivu. Jike hupewa homoni, hupasuliwa, hubebeshwa mimba ambayo mara nyingi inatoka. Ndama na wanakondoo wa kloni mara nyingi hukua kupita kiasi tumboni, na kondo la nyuma huharibika, hivyo mama hupasuliwa tena ili mtoto atoke. Mwaka 2008 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba afya na ustawi wa sehemu kubwa ya kloni wa ng'ombe na nguruwe huathirika, wengi wao wakiwa bado wadogo. Mwaka huo huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba nyama na maziwa ya kloni wa ng'ombe, nguruwe na mbuzi ni salama kuliwa. Taarifa hizo mbili hazipingani. Ya pili inamjibu mlaji. Ya kwanza inamzungumzia mnyama. Mjadala unaosikika zaidi ni ule wa mlaji, na ndio maana wengi wanadhani swali limekwisha jibiwa.

Sitaki kuongeza chumvi. Dai kwamba kila kloni huzeeka upesi halikuthibitika. Kondoo wanne walionakiliwa kutokana na seli zile zile zilizomtoa Dolly walichunguzwa uzeeni na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha wana afya ya kawaida kwa umri wao. Dolly mwenyewe alipewa dawa ya kumpumzisha Februari 2003 kwa sababu ya uvimbe wa mapafu uletwao na virusi vya kondoo. Anayezaliwa salama na kuvuka siku za mwanzo anaweza kuishi vizuri. Malalamiko yangu ni ya wale wasiovuka, na ya mama zao, ambao hakuna anayewapa majina.

Kwa mnyama adimu hesabu inakuwa mbaya zaidi. Kifaru hubeba mimba miezi kama 16, tembo miezi 22. Majike 57 wa majaribio tutawatoa wapi? Anayetaka kumrudisha mamothi, yule tembo mwenye manyoya wa nchi za baridi, anajua kwamba ndugu yake wa karibu aliye hai ni tembo wa Asia, naye tembo huyo yuko hatarini kutoweka. Mwaka ambao jike wa spishi iliyo hatarini anabebeshwa jaribio ni mwaka ambao hakuzaa mtoto wake mwenyewe. Kwa jina la kuokoa wanyama, tunawageuza wanyama walio hai kuwa matumbo ya kukodi kwa ajili ya wale waliokufa. Mwenye hoja hii anapaswa kueleza huruma hiyo ni kwa nani.

3. Muhogo unasema kinyume

Mfano wa muhogo ni wa kweli, na kwa sababu hiyo unamgeukia aliyeuleta. Shamba lililopandwa pingili za shina moja ni shamba la kloni. Lina nguvu moja na udhaifu mmoja. Ugonjwa wa batobato ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Yote miwili husafiri ndani ya pingili: mkulima anayenakili shina zuri hunakili pia maradhi yaliyojificha humo, na jirani akiomba mbegu humpa vyote viwili.

Muhogo ulipataje nafuu? Watafiti wa Amani waliuchanganya na ndugu zake wa porini, hasa mti wa mpira wa Ceara, wakachagua miche iliyostahimili. Kinga ilitoka kwenye uzazi wa baba na mama, unaochanganya jeni upya kila kizazi. Kunakili kulikuja baadaye, kusambaza kile ambacho mchanganyiko ulikwisha kukipata. Ukiwa na nakala peke yake huna pa kuchagua adui mpya anapofika.

Kwa mifugo ni hivyo hivyo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, ikishirikiana na Roslin, ilizalisha dume la Boran kwa kloni, likaitwa Tumaini. Lilikuwa hatua kuelekea ng'ombe watakaobeba jeni ya nyani inayoua vimelea vya nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o. Lengo lina maana kwa mfugaji. Lakini Afrika Magharibi ina ng'ombe wa N'Dama wanaoishi na vimelea hivyo kwa vizazi vingi, na ustahimilivu wao umetokana na makundi makubwa yenye damu mchanganyiko, ambamo dhaifu walikufa na imara wakazaa. Akiba hiyo ya jeni iko mwilini mwa ng'ombe wa wafugaji wa kawaida. Tukiwafanya mifugo wafanane kwa sababu nakala inakua haraka na kutoa maziwa mengi, tunaipoteza akiba ambayo maabara yenyewe itaihitaji kesho.

Tena, pingili ya muhogo haihisi kisu. Bunge la Ulaya lilipopiga kura mwaka 2015 kutaka kunakili mifugo kupigwe marufuku, mateso ya mnyama yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Anayemlinganisha ng'ombe na shina la muhogo ameruka jambo lote la maadili kabla mjadala haujaanza.

4. Kihansi ilikwisha tufundisha

Tanzania ina somo ambalo wenye hoja hii hawalitaji. Katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kuna chura wa rangi ya dhahabu anayelingana na ukucha wa kidole gumba, ambaye hazai mayai bali watoto hai. Aligunduliwa mwaka 1996. Aliishi katika eneo la hekta chache tu, pale maporomoko yalipotoa rasharasha mchana na usiku. Juu yake likajengwa bwawa la umeme la megawati 180. Lilipoanza kazi, sehemu kubwa mno ya maji, kama asilimia 90, ilipelekwa kwenye mitambo. Rasharasha ikakatika.

Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Kihansini kukawekwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Kwa muda ilionekana inafaa. Kisha mwaka 2003 vyura waliobaki korongoni walikufa kwa wingi, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa, na mwaka 2009 IUCN ilimtangaza kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wengine wamekuwa wakiachiwa korongoni.

Ona kilichotokea. Chura huyu hakuhitaji kunakiliwa. Walikuwapo wakubwa kwa wadogo, wakizaliana kwenye vioo vya bustani mpaka wakafika maelfu. Mbegu yake haikupotea hata siku moja. Kilichopotea ni rasharasha, baridi ya korongo, wadudu wake wa kula, na hali iliyomwezesha kuvumilia maradhi. Hivyo ndivyo vilivyowachosha wataalamu na kuigharimu nchi fedha mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba Watanzania wengi waliuliza kwa hasira kwa nini vyura wanatunzwa hivyo. Swali hilo lilistahili kuulizwa kabla bwawa halijachorwa, kwa sababu bwawa likishajengwa hakuna jibu rahisi.

Sasa mwenye hoja ya kloni anatuambia tatizo la uhifadhi ni kukosa mwili wa mnyama. Kihansi tulikuwa na miili elfu kadhaa. Tulikosa mahali pa kuiweka.

5. Kifaru hakuuawa na uhaba wa sayansi

Mfano unaotajwa zaidi Afrika Mashariki ni kifaru mweupe wa kaskazini. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 45. Wamebaki binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Wataalamu wa mradi wa BioRescue wanatumia mayai ya Fatu na mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa kutengeneza viinitete, watakavyobebeshwa vifaru weupe wa kusini. Hiyo ni mimba ya kupandikiza, wala si kloni, lakini imebeba matumaini yale yale, na nyuma yake ipo mipango ya kutengeneza mayai kutokana na seli za ngozi. Januari 2024 walitangaza hatua kubwa: jike wa kusini alikuwa ameshika mimba ya majaribio kwa kiinitete cha jamii yake. Kijusi cha siku 70 kilikuwa na urefu wa sentimeta 6.4. Kilipimwa hivyo kwa sababu mama yake alikuwa amekufa, kwa bakteria walioibuliwa ardhini na mvua kubwa.

Siwabezi wanaofanya kazi hiyo. Nauliza swali ambalo kazi yao haiwezi kulijibu: kifaru huyu alikwendaje? Mwaka 1960 walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000, wakiishi Uganda, Chad, Sudan, Afrika ya Kati na Kongo. Mwaka 1984 walikuwa wamebaki 15 katika Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Walilindwa, wakaongezeka hadi kufikia kama 30. Kisha zikaja bunduki za vita vya Sudan na Kongo, na majangili waliofuata njia za vita hivyo. Baada ya 2007 hakuna dalili yao iliyopatikana tena. Waliuawa kwa risasi, kwa ajili ya pembe, kwa sababu kulikuwa na soko na hakukuwa na ulinzi. Seli zao zilikuwa zimegandishwa miaka yote hiyo. Bustani ya wanyama ya San Diego imekuwa ikigandisha seli za wanyama tangu miaka ya 1970. Jokofu lilikuwapo, na halikuzuia risasi hata moja.

Sasa mtazame ndugu yake wa kusini. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya 100, katika kona moja ya Natal, Afrika Kusini. Leo wanazidi 15,000, hata baada ya ujangili wa miaka ya karibuni. Kifaru mweusi wa Kenya alishuka kutoka karibu 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo wanafikia kama 1,000. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa maabara. Walipewa ardhi, askari na muda, wakazaa wenyewe.

Wanaotaja kicheche wa miguu myeusi wamalizie habari yake. Alikaribia kutoweka kwa sababu wafugaji na serikali waliwatilia sumu wanyama wadogo wachimbao mashimo anaowala, na tauni ikawamaliza waliobaki. Kunakili kumeongeza jeni katika ukoo uliotokana na wanyama saba tu, na mwaka 2024 kloni mmoja, Antonia, alizaa. Lakini ukoo huo ulikuwa hai tayari. Na porini, mnyama huyo bado anategemea chanjo ya tauni, pamoja na mashimo ya windo lake katika ardhi ambayo haijalimwa. Kloni ilisaidia pale tu ambapo kila kitu kingine kilikwisha kufanywa na watu wengine kwa miaka mingi.

6. Nani atatoa ardhi mara ya pili?

Nirudi kwa mwanakijiji, maana hoja ya nne ndiyo yenye uzito. Ni kweli anabeba mzigo usio wake. Nchini Tanzania serikali hutoa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa familia iliyopoteza mtu. Waathirika wanalalamika kwamba fedha hizo ni kidogo na huchelewa, na wana haki. Dawa ya dhuluma hiyo ni malipo ya haki, sauti katika maamuzi ya ardhi na mgawo halisi wa mapato ya utalii. Kloni haimlipi mwanakijiji hata shilingi moja.

Hapa ndipo hoja nzima inapojikata yenyewe. Mnyama aliyerudishwa atahitaji kuishi mahali. Tembo wa kloni atahitaji mapito yale yale, kifaru wa kloni malisho yale yale, na wote wawili watavamia mashamba yale yale. Kama leo, wakiwa hai, tunasema hatuna ardhi ya kuwapa, nani atakayebomoa mji, kufukia mfereji na kuhamisha shamba miaka 50 ijayo ili kuwapokea? Hoja inaturuhusu kutumia leo kitu kile kile ambacho ahadi yake itakidai kesho. Akiba haiozi, wanasema watetezi wa jokofu. Haiozi, lakini seli zilizogandishwa ni akiba ya jeni tu, na ardhi ikishatumika haina akiba yake popote.

Tunaambiwa pia kwamba fedha za kunakili ni za watu binafsi, hazimnyang'anyi askari wa wanyamapori mshahara wake. Tuangalie basi fedha hizo zilikokwenda. Kwa karibu miaka 30 mahali ambapo kunakili kumekuwa biashara ya kawaida ni kwa wenye uwezo. Kampuni moja ya Texas humnakilia mtu mbwa wake kwa dola 50,000 hivi. Katika fainali ya mashindano makuu ya polo ya Argentina mwaka 2016, Adolfo Cambiaso alipanda kloni sita za farasi mmoja jike, Cuartetera, na timu yake ikashinda. Soko limechagua wanyama linaowataka, na chura wa Kihansi hayumo.

Hatari kubwa ya ahadi hii iko kwenye sheria. Colossal, iliyothaminiwa kuwa ya dola bilioni 10.2 mwanzoni mwa 2025, haikuwa imewaonyesha watoto wake kwa muda mrefu kabla Doug Burgum, waziri anayesimamia ardhi za umma na wanyamapori wa Marekani, hajaisifia kazi hiyo hadharani kama msingi mpya wa uhifadhi, huku akiilaumu orodha ya wanyama walio hatarini na kutaka ubunifu uongoze badala ya kanuni. Mbwa mwitu watatu waliorekebishwa, walio ndani ya uzio, walitosha kumpa kiongozi wa nchi tajiri sababu ya kuidhoofisha sheria inayolinda wanyama hai. Katika nchi zetu, zenye hamu ya haki ya umeme, barabara na ajira, sababu hiyo itapokewa haraka zaidi. Itaandikwa katika ripoti ya tathmini ya mazingira kwa maneno ya kitaalamu: sampuli zimehifadhiwa, athari zinaweza kurekebishwa.

Nini kifanyike, basi

Seli zigandishwe. Hakuna ubaya kutunza kumbukumbu ya jeni, na watafiti waendelee kujifunza kwa kufuata masharti yanayohesabu kila jike anayetumiwa na kila mimba inayotoka, kisha matokeo yote yachapishwe, ya kushindwa na ya kufaulu. Lakini pasiwe na kibali cha bwawa, mgodi au barabara kitakachotolewa kwa hoja kwamba mnyama atarudishwa baadaye.

Yeyote atakayeileta hoja hiyo mbele ya bunge, halmashauri au mkutano wa kijiji aulizwe maswali matatu na ajibu kwa maandishi. Atarudishwa katika ardhi ipi, na hati ya kuilinda ardhi hiyo iko wapi leo? Mimba itabebwa na majike wangapi wa spishi gani, na wangapi kati yao atakubali wafe? Gharama italipwa na nani, na mwanakijiji atakayepakana naye atalipwa nini? Kwa majibu tuliyo nayo hadi sasa, kutoka Pyrenees hadi Kihansi, njia iliyothibitika ya kuwa na mnyama kesho ni kuwa naye hai leo, pamoja na mama yake na mahali anapoishi. Mwenye kutuomba tuiache njia hiyo ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha, na mpaka atakapothibitisha, jibu la maombi yake liwe hapana.